Matairi ya trela: namna ya kuchagua yatakayofika mpaka wa pili

Katika yadi nyingi za malori, kuanzia Mombasa na Dar es Salaam hadi Kampala, Kigali na Tunduma, kuna desturi moja inayofanana. Matairi mapya yanaponunuliwa hufungwa kwenye kichwa cha lori. Yale yaliyochoka kichwani huhamishiwa kwenye trela, na huko humalizia maisha yake.

Desturi hiyo ina sababu. Tairi la mbele likipasuka, dereva anaweza kupoteza usukani, kwa hiyo ni sawa kabisa tairi bora likae mbele. Tatizo linaanza pale trela linapogeuzwa jalala la kila tairi lililokataliwa kwingine. Trela la ekseli tatu lenye matairi pacha lina matairi 12, na juu yake ndiyo imekaa sehemu kubwa ya mali ya mteja. Tairi moja likipasuka kati ya Mtito Andei na Voi usiku, au katikati ya Hifadhi ya Mikumi, safari inasimama, mzigo unabaki porini na siku ya kulipwa inasogea mbele.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwenye gari, meneja wa usafirishaji au mfanyabiashara mwenye lori moja anapaswa kuyajua kabla ya kununua tairi la kubadilisha kwenye trela. Bei na jina la kiwanda vina nafasi yake, lakini vinakuja baada ya maswali matatu: tairi hili linabeba kilo ngapi, lilitengenezwa lini, na litakaa pacha na tairi gani?

KWA NINI TRELA HULA MATAIRI

Trela halina injini wala usukani, linavutwa tu. Wengi hudhani kwa sababu hiyo matairi yake yana kazi nyepesi. Kuna mambo matatu yanayoonyesha vinginevyo.

Kwanza ni kona. Lori linapokata kona kali, ekseli tatu za trela haziwezi zote kufuata njia moja. Ekseli ya katikati huzunguka karibu na kawaida, lakini ya kwanza na ya mwisho huburuzwa kwa ubavu. Ndiyo maana matairi ya ekseli hizo mbili huisha haraka zaidi, hasa kwa magari yanayogeuza kila siku katika yadi finyu, bandari kavu na maegesho ya mipakani.

Pili ni umbali kutoka kwa dereva. Tairi la mbele likipungua upepo, usukani unamwambia dereva mapema. Tairi la ndani la pacha kwenye trela likipungua upepo, dereva hasikii kitu. Anaweza kwenda kilomita nyingi mpaka aone moshi kwenye kioo, au apigiwe honi na gari linalomfuata.

Tatu ni joto. Mpira huharibiwa na joto kuliko kitu kingine chochote, na joto hilo lina vyanzo vinne: uzito uliozidi, upepo pungufu, mwendo wa kasi na breki. Katika miteremko mirefu kama Kitonga mkoani Iringa au Mai Mahiu nchini Kenya, dereva anayeshuka kwa kukanyaga breki tu, badala ya kutumia gia ndogo, hupasha moto ngoma za breki. Joto hilo hupita kwenye rimu mpaka kwenye mdomo wa tairi. Tairi linaweza kupasuka baada ya mteremko kwisha, na dereva akabaki anashangaa barabara ilikuwa tambarare.

HESABU YA UZITO

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria ya pamoja ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016. Chini ya sheria hiyo, uzito wa juu wa gari na mzigo wake ni tani 56 kwa gari lenye ekseli zisizopungua saba. Ekseli moja yenye matairi manne hairuhusiwi kuzidi tani 10, na kundi la ekseli tatu zenye matairi pacha hairuhusiwi kuzidi tani 24.

Tuchukue kundi hilo la ekseli tatu. Tani 24 ukizigawa kwa matairi 12, kila tairi linabeba kilo 2,000. Sasa linganisha na tairi la ukubwa wa 315/80R22.5 lenye namba ya uzito 156/150. Tairi hilo linabeba kilo 4,000 likiwa peke yake na kilo 3,350 likiwa pacha. Kwa maneno mengine, kuna akiba ya kilo 1,350 kwa kila tairi.

Kama akiba ni kubwa kiasi hicho, mbona matairi yanapasuka? Jibu liko kwenye pacha. Tairi moja likiisha upepo, mwenzake anachukua mzigo wote wa upande huo, yaani kilo 4,000. Pale pale amevuka uwezo wake wa kilo 3,350 akiwa pacha na kufika kwenye kikomo cha tairi linalokaa peke yake, bila akiba yoyote, na kikomo hicho kinahesabiwa kwa tairi zima lenye upepo kamili. Likiwa limechoka, au upepo wake nao umepungua, halitafika mbali. Ndiyo sababu pancha ndogo ya msumari asubuhi huwa hasara ya matairi mawili ifikapo jioni.

Hesabu hiyo pia inadhani mzigo umekaa sawasawa. Mizigo mizito yenye ujazo mdogo, kama shaba, nondo au vigae, ikipangwa upande mmoja au ikisukumwa nyuma, baadhi ya matairi hubeba zaidi ya sehemu yake hata kama jumla kwenye mizani imekubalika. Risiti ya mizani inaonyesha uzito wa kila kundi la ekseli. Isome, usiangalie jumla peke yake.

Wapo wanaotumia tairi moja pana badala ya pacha, maarufu kama supa singo. Ukubwa unaoonekana sana ni 385/65R22.5 wenye namba ya uzito 160, yaani kilo 4,500. Faida yake ni wepesi, kwani rimu ni 6 badala ya 12. Lakini tani 24 ukizigawa kwa matairi sita ni kilo 4,000 kila moja. Akiba iliyobaki ni kilo 500 tu, na likipasuka hakuna mwenzake wa kushika ekseli. Isitoshe, mizani huzihesabu tofauti na matairi pacha. Kabla ya kubadili trela kutoka pacha kwenda tairi moja pana, uliza kikomo kwa mamlaka ya barabara ya kila nchi utakayopita, kama TANROADS kwa Tanzania na KeNHA kwa Kenya. Zambia haimo katika Jumuiya, hivyo anayevuka Tunduma kwenda Nakonde afuate pia taratibu za huko.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Taarifa zote muhimu zimeandikwa ubavuni. Muuzaji anaweza kusahau au kusema vingine, lakini ubavu hausahau. Chukua tairi lililoandikwa 315/80R22.5 156/150L.

315 ni upana wa tairi kwa milimita. 80 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 80 ya upana. R inaonyesha ni tairi la redio, ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Mahali pa R ukiona kistari, kama 12.00-20, hilo ni tairi la nyuzi za mshazari, ambalo kwa kawaida hupata joto zaidi katika safari ndefu. 22.5 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

156/150 ni namba za uzito. Ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake, ya pili likiwa pacha. Hizi hapa ni baadhi ya namba na kilo zake:

146 – kilo 3,000
148 – kilo 3,150
150 – kilo 3,350
152 – kilo 3,550
154 – kilo 3,750
156 – kilo 4,000
160 – kilo 4,500

Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu ambao uzito huo unaruhusiwa. J ni kilomita 100 kwa saa, K ni 110, L ni 120 na M ni 130. Kwa lori linalotakiwa kwenda 80, herufi hizo zote zinatosha. Usikubali kuuziwa tairi la bei ya juu kwa sababu tu lina herufi ya mwendo mkubwa. Angalia kilo kwanza.

Alama nyingine za kutafuta ni hizi:

FRT. Herufi hizi zinamaanisha tairi limetengenezwa kwa ajili ya ekseli za trela tu. Mistari yake ni ya mviringo na limeundwa kuhimili kuburuzwa kwenye kona. Usilifunge mbele wala kwenye ekseli zinazovuta. Kinyume chake, tairi la kuvuta lenye meno marefu si chaguo zuri kwa trela linalopita lami, kwa kuwa meno hayo huyumba, hupata joto na hulika vibaya.

Namba ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, liache hapo hapo. Kwa kawaida namba kamili huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze tairi.

Herufi E ndani ya duara, pamoja na namba. Hii inaonyesha tairi limepimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Kwa matairi ya magari ya biashara kanuni hiyo ni namba 54.

TWI. Ni vitufe vidogo vilivyo ndani ya mifereji. Mpira ukilika hadi kufikia usawa wa vitufe hivyo, mfereji umebaki na kina cha milimita 1.6 na tairi limekwisha kazi.

REGROOVABLE. Tairi lenye neno hili limewekewa mpira wa ziada chini ya mifereji, hivyo linaweza kuchongwa upya na fundi mwenye kifaa. Tairi lisilo na neno hili likichongwa, kisu hukaribia nyuzi za chuma. Mitaani wapo wanaochonga tairi kipara na kuliuza likionekana na meno mazuri. Angalia chini ya mfereji. Ukiona nyuzi, au mistari iliyokatwa kwa mkono isiyo na kina sawa, usinunue.

MATAIRI YANATOKA WAPI

Zamani eneo letu lilitengeneza matairi yake. Arusha kulikuwa na kiwanda cha General Tyre, ambacho uzalishaji wake ulisimama mwaka 2009. Nairobi kulikuwa na kiwanda kilichoanza kwa jina la Firestone na baadaye kuwa Sameer Africa, waliouza matairi ya Yana. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2016. Matokeo yake ni kwamba matairi ya malori yanayouzwa madukani leo kwa sehemu kubwa huja kwa meli, mengi kutoka Asia.

Kwa mnunuzi hilo lina maana mbili. Kwanza, chapa ni nyingi na nyingine huja mara moja zikapotea. Muuzaji akiwa hana uhakika wa kuleta tena tairi la chapa hiyo mwakani, utashindwa kupata mwenzake wa pacha. Pili, tairi linaweza kuwa limekaa miezi mingi kwenye kontena na ghala kabla ya kufika dukani. Mpira huzeeka hata usipotembea, na jua la nje ya duka huuzeesha haraka zaidi. Kwa safari ndefu, lenga tairi ambalo halijapita miaka miwili tangu litengenezwe. Ukipewa punguzo kwa sababu tairi ni la zamani, kumbuka kuwa unalipa kidogo kwa sababu unapata kidogo.

JIPYA, RITREDI AU MTUMBA

Tairi jipya lina historia moja tu, ile utakayoiandika wewe. Kwa trela linalovuka mipaka na kubeba karibu na kikomo, hilo ndilo chaguo la kwanza.

Ritredi, yaani tairi lililovishwa mpira mpya juu ya mwili wa zamani, halistahili dharau linalopewa. Mashirika ya ndege na kampuni kubwa za malori duniani hutumia ritredi. Likitengenezwa vizuri juu ya mwili mzima, linafaa sana kwa ekseli za trela na bei yake ni nafuu. Siri iko kwenye mwili wa ndani. Ritredi bora ni lile lililotokana na tairi lako mwenyewe, ambalo unajua halikuwahi kutembea bila upepo. Ritredi usilolijua mwili wake ni kama kununua mzigo uliofungwa bila kuufungua. Mbele kwenye usukani usiliweke.

Mtumba ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Tairi lililowahi kutembea bila upepo linaweza kuwa na nyuzi za chuma zilizochoka ndani ya ubavu bila dalili nje. Likijazwa upepo, ubavu unaweza kufunguka ghafla kwa mstari mrefu na kumuua fundi aliye karibu. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeorodhesha matairi yaliyotumika ya magari madogo ya abiria na ya biashara nyepesi miongoni mwa bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Orodha hiyo kutotaja malori si kibali. Mwulize wakala wako wa forodha kabla ya kulipa, maana viwango vya KEBS, TBS na UNBS navyo vina masharti yake.

SHERIA YA PACHA

Hata tairi zuri huharibiwa na mwenzake asiyelingana naye. Matairi mawili ya pacha yanafungwa pamoja na lazima yazunguke kwa idadi sawa. Moja likiwa kubwa kuliko jingine, lile kubwa hubeba mzigo zaidi na kupata joto, huku dogo likiburuzwa na kulika kama sabuni.

Kwa hiyo zingatia yafuatayo:

1. Pacha wawe na ukubwa ule ule. 315/80R22.5 na 12R22.5 hukaa kwenye rimu ya inchi 22.5, lakini si pacha.

2. Kipenyo kisitofautiane kwa zaidi ya milimita 6. Pima kwa mkanda kuzunguka tairi. Tofauti ya milimita 19 ya mzunguko ni karibu milimita 6 ya kipenyo.

3. Usichanganye redio na nyuzi za mshazari kwenye ekseli moja.

4. Tairi moja likiharibika, usiliweke jipya na kipara. Weka mapya mawili pamoja, kisha lile zima lililobaki litafutie mwenzake wa kimo chake, au liwe spea.

5. Hakikisha kuna nafasi kati ya mbavu za pacha. Zikigusana chini ya mzigo, joto linalotokea litaziua zote mbili.

Kwa trela la zamani lenye rimu za inchi 20, matairi huwa ya tyubu. Kila ukinunua tairi jipya la aina hiyo, nunua pia tyubu mpya na ule mpira bapa unaokaa kati ya tyubu na rimu. Tyubu ya zamani imekwisha kutanuka, na ndani ya tairi jipya hujikunja na kukatika. Kamwe usilazimishe tairi la inchi 22.5 kwenye rimu ya 22, wala rimu ya 20 kwenye tairi lisilo lake. Tofauti ya nusu inchi inatosha kuua.

BEI YA KILA KILOMITA

Mfanyabiashara hununua sukari kwa kilo na nguo kwa jora. Tairi nalo linunuliwe kwa kilomita. Hebu tukokotoe kwa namba za mfano, ambazo si bei za soko. Weka za kwako.

Tairi la kwanza linauzwa dola 180 na linatembea kilomita 60,000. Gharama yake ni dola 3 kwa kila kilomita 1,000.

Tairi la pili linauzwa dola 270 na linatembea kilomita 100,000. Likiisha, mwili wake bado mzima na kiwanda cha ritredi kinaununua kwa dola 40. Gharama halisi ni dola 230, sawa na dola 2.30 kwa kila kilomita 1,000.

Kwa matairi 12 na kilomita 100,000, tairi la kwanza limekugharimu dola 3,600 na la pili dola 2,760. Tofauti ni dola 840, na hatujahesabu kusimama njiani. Ikiwa gari lako lina gharama ya dola 150 kwa siku hata likiwa limesimama, yaani mkopo, bima na mshahara, basi kulala porini mara mbili kusubiri tairi ni dola 300 nyingine. Kwa mzigo wa transiti wenye muhuri wa kielektroniki, kusimama muda mrefu mahali pasipotarajiwa huleta pia maswali ya forodha.

Lakini hesabu hii ina sharti moja. Tairi la dola 270 likiendeshwa na upepo pungufu litakufa mapema kama lile la dola 180, na hapo umepoteza dola 90 zaidi kwa kila tairi. Asiye na geji ya upepo asinunue tairi la bei ghali.

Ili ujue kilomita halisi, kila tairi lipewe namba ya kuchomwa ubavuni na liandikwe kwenye daftari: siku lilipofungwa, ekseli gani, kilomita za gari, na sababu ya kutolewa. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuambia chapa ipi inakufaa kwenye njia yako, kuliko tangazo lolote.

KUNUNUA UPANDE WA PILI WA MPAKA

Shilingi ya upande mmoja ikishuka, wasafirishaji huvuka kununua matairi upande huo. Hakuna ubaya, ila kuna mtego. Tairi lililotoka Asia na kulipiwa ushuru Kenya haliwi bidhaa ya asili ya Afrika Mashariki kwa sababu limeuzwa Nairobi. Likipelekwa nchi nyingine kama bidhaa, linahitaji nyaraka zake na linaweza kudaiwa kodi.

Matairi mapya yaliyopakiwa juu ya mzigo huonekana kama bidhaa hata kama ni spea zako. Spea ifungwe kwenye rimu na ikae mahali pake. Ya ziada yawe na risiti, na wakala ajue yapo kabla gari halijafika kwenye geti. Risiti iandikwe ukubwa, chapa na namba ya DOT ya kila tairi. Namba hizo ndizo zitakazokusaidia kudai dhamana muuzaji akikana kuwa tairi ni lake.

KUFUNGA NA KUJAZA UPEPO

Tairi likishanunuliwa, kazi imefika nusu. Jaza upepo kulingana na maelekezo ya kiwanda kwa mzigo unaobeba, na usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Likipata moto upepo hupanda wenyewe, na anayepunguza upepo wa tairi la moto atakuta liko chini kesho yake.

Tairi lililopungua kwa asilimia 20 lihesabiwe kuwa ni pancha. Kama kiwango chako ni 120, basi likifika 96 litolewe na kukaguliwa ndani kabla ya kujazwa tena. Kupiga tairi kwa nyundo au chuma hukuonyesha lililoisha kabisa tu. Hakuna sikio linaloweza kutofautisha 120 na 95.

Ujazaji ufanyike ndani ya kizimba cha chuma, au angalau fundi asimame pembeni, si mbele ya ubavu wala mbele ya ringi ya kufungia. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Tairi la ndani la pacha liwe na kipachiko kirefu cha kujazia upepo, maana lisilofikika halipimwi. Kifuniko cha valvu nacho kisikosekane.

Tairi jipya likianza kulika upande mmoja mapema, usimlaumu muuzaji haraka. Angalia ekseli kama imenyooka, springi kama haijavunjika na beringi kama hazijalegea. Trela lililopinda hula tairi la bei yoyote.

ORODHA YA KWENDA NAYO DUKANI

Andika haya kwenye karatasi, au mpe dereva anayekwenda kununua:

– Ukubwa kamili kama ulivyo kwenye tairi la sasa na kwenye rimu.
– Namba ya uzito isiyopungua ile ya matairi yaliyopo.
– Mistari ya trela, na alama ya FRT kama linatakiwa kwa ekseli za trela tu.
– Tarehe ya DOT, mwisho miaka miwili.
– Alama ya E na namba yake.
– Mbavu na midomo isiyo na nyufa, uvimbe wala kiraka.
– Kipimo cha mzunguko wa tairi litakalokuwa pacha.
– Risiti yenye namba ya kila tairi.

Bajeti ikiwa ndogo, usinunue matairi 12 ya bei ya chini kabisa ili ujaze trela lote. Anza na ekseli ya kwanza na ya mwisho, zinazoburuzwa zaidi, mapya pacha kwa pacha. Yaliyo bado mazima yapangwe ekseli ya katikati kwa vipimo vyao. Na kabla ya hayo yote nunua geji nzuri ya upepo, moja kwa kila gari, ikae kwenye kabini na itumike kila alfajiri kabla ya kuwasha injini.